Barnum: Muuza tiketi aliyelipa kwanza, akauza baadaye

WATU wengi wakiona foleni kwenye mlango wa tamasha hupiga hesabu ya haraka. Watu 5,000 mara kiingilio cha shilingi 10,000, basi mwandaaji kaondoka na milioni 50. Hesabu hiyo haina tofauti na ya mtu wa mjini anayehesabu miche ya nyanya shambani, akaizidisha kwa bei ya sokoni Kariakoo, kisha akamwambia mkulima kwamba ni tajiri. Mkulima hucheka tu. Anajua kwamba mbegu, mbolea, dawa na vibarua vililipwa miezi mingi kabla ya nyanya ya kwanza kuiva, na kwamba nyanya isiyouzwa leo kesho ni takataka.

Biashara ya maonyesho ndivyo ilivyo. Kiti kisichopata mtu usiku wa leo hakiuziki tena kesho asubuhi. Msanii, ukumbi, vyombo na matangazo hugharimiwa kabla, na tiketi ndiyo pekee inayorudisha fedha. Swali la msingi ni moja: watu wasipokuja, hasara ni ya nani? Mtu ambaye maisha yake yanalijibu swali hilo kwa mapana ni Mmarekani Phineas Taylor Barnum, aliyefanya biashara ya maonyesho katika karne ya 19. Wengi humtaja kama mwongo hodari. Alikuwa mwongo kweli, tena hodari, lakini uongo peke yake usingemfikisha alikofika.

Barnum alizaliwa Julai 5, 1810 katika kijiji cha Bethel, jimbo la Connecticut, eneo la wakulima. Babu yake mzaa mama, ambaye alirithi jina lake, alimpa hati ya shamba la ekari tano liitwalo Ivy Island. Utotoni mwake mwote ndugu na majirani walimsifu kwamba ndiye mtoto tajiri kuliko wote kijijini. Alipofika umri wa miaka 10 hivi alipelekwa kuliona shamba lake. Alikuta kinamasi, vichaka na nyoka. Kijiji kizima kilikuwa kinajua, yeye peke yake ndiye hakujua. Msomaji alikumbuke shamba hilo, maana litarudi.

Baba yake alifariki mwaka 1826 na kuacha madeni. Kijana akaingia dukani kama karani. Maduka ya vijijini wakati ule yaliendeshwa kwa kubadilishana mali: mkulima analeta siagi, mayai au shayiri, anaondoka na nguo na misumari. Barnum alisimulia baadaye kwamba magunia ya shayiri yalifika yamepungua, na marobota ya matambara yalifika yamejazwa mawe na kokoto katikati. Mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa anayefahamu habari za mchanga na maji kwenye pamba hatashangaa. Na mwenye duka naye alikuwa na ujanja wake wa vipimo. Huko ndiko Barnum alikojifunza biashara, na kwa maoni yangu tabia hiyo ya kila upande kumwinda mwenzake hakuiacha kabisa.

Akiwa kijana wa miaka 20 na kitu aliuza tiketi za bahati nasibu. Biashara hiyo ilikufa jimbo la Connecticut lilipoipiga marufuku mwaka 1834. Akahamia New York.

Onyesho lake la kwanza, mwaka 1835, ni doa ambalo halifutiki. Kwa dola 1,000, nyingine za mkopo, alinunua haki ya kumwonyesha mwanamke mtumwa aliyeitwa Joice Heth, mzee, kipofu na aliyepooza. Aliwatangazia watu kwamba ana umri wa miaka 161 na kwamba alimlea George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Bibi huyo alifariki Februari 1836. Barnum akaandaa uchunguzi wa maiti hadharani, akatoza senti 50 kila mtu, na watu 1,500 hivi wakalipa. Daktari alisema marehemu hakuzidi miaka 80. Wapo waandishi wanaolipitia jambo hili haraka ili wafike kwenye tembo na sarakasi. Sioni sababu ya kufanya hivyo. Mtaji wa kwanza wa biashara hiyo maarufu ulitokana na mwili wa binadamu aliyenunuliwa.

Mwaka 1841 jumba la makumbusho lililokuwa Broadway, New York, lilikuwa linauzwa. Barnum hakuwa na fedha. Wenye mali walitaka dola 15,000, wakashuka hadi 12,000. Alimwendea mwenye jengo akamwomba anunue mkusanyiko ule kwa jina lake, naye Barnum angelipa polepole kutokana na viingilio. Mwenye jengo akauliza dhamana iko wapi. Barnum akataja shamba la ekari tano Connecticut, lisilodaiwa na mtu. Ndilo lile la nyoka. Mwenye jengo hakusafiri kwenda kuliona, na mkataba ukapita. Maofisa mikopo wetu wanaopokea hati bila kufika shambani wana ndugu yao wa zamani huko New York.

Lakini tumtendee haki: deni alililipa, tena kwa muda wa mwaka mmoja na ushei tu. Alikubaliana na mkewe kwamba familia iishi kwa dola 600 kwa mwaka, na mchana alikula chakula baridi kazini bila kwenda mgahawani. Fedha yote ya mlangoni ilirudi kwenye deni na matangazo.

Kiingilio kilikuwa senti 25, watoto nusu. Kwa bei hiyo fundi, mkulima aliyekuja mjini na mwenye duka dogo waliweza kuingia na familia zao. Hapo ndipo penye siri ya jumba lile. Gharama zake zilikuwa zile zile, waingie watu 100 au 3,000, kwa hiyo kila mtu wa ziada aliyepita mlangoni alikuwa karibu faida tupu. Kazi yote ya Barnum ilikuwa kumleta huyo wa ziada. Mwaka 1842 alionyesha kitu alichokiita nguva wa Fiji, ambacho kilikuwa kiwiliwili cha nyani kilichounganishwa na mkia wa samaki. Kwa hesabu zake mwenyewe, mapato ya wiki nne kabla ya nguva yalikuwa dola 1,272, na wiki nne za nguva yakawa 3,341. Watu walipojazana na kugoma kutoka, aliweka kibao chenye neno gumu la Kiingereza lenye maana ya njia ya kutokea. Wasiolijua walidhani ni mnyama mwingine, wakafuata kibao, wakajikuta barabarani. Kurudi ndani ni senti 25 nyingine.

Mwaka huo huo alimwajiri Charles Stratton, mtoto mfupi sana asiyefikisha miaka mitano, aliyempa jina la Jenerali Tom Thumb. Alianza kumlipa familia dola tatu kwa wiki. Baada ya kutembelea Ulaya na kuonyeshwa kwa Malkia Victoria mwaka 1844, wazazi walikuwa na nguvu ya kudai, na wakawa wabia wa nusu kwa nusu. Funzo la bei hapo ni la wazi: msanii asiyejulikana huuza nguvu kazi, anayejulikana huuza jina.

Sasa tufike kwenye kazi iliyomfanya Barnum awe babu wa makampuni ya leo ya muziki na tiketi.

Jenny Lind alikuwa mwimbaji wa Sweden aliyependwa mno Ulaya. Marekani watu wengi hawakumjua. Barnum hakuwahi kumsikia akiimba. Hata hivyo alimtuma wakala kwenda kumtafuta, na mkataba ukatiwa saini Januari 1850 huko Lübeck, Ujerumani. Masharti yake yalikuwa mazito. Maonyesho hadi 150, dola 1,000 kila onyesho, hiyo ni 150,000. Mwongoza muziki Julius Benedict, dola 25,000. Mwimbaji wa kiume Giovanni Belletti, dola 12,500. Jumla dola 187,500, ukiacha nauli, hoteli na watumishi. Na fedha hizo zote ziwekwe benki ya Baring Brothers, London, kabla mwimbaji hajapanda meli.

Lind alikuwa na akili ya biashara. Alijua kwamba ahadi ya asilimia ya mapato kutoka ng'ambo ya bahari haina uzito kama fedha iliyoko benki. Aliyebeba hasara ni Barnum peke yake. Mabenki ya New York yalimkatalia. Aliweka rehani mali zake, akauza nyingine, akabaki na upungufu wa dola 5,000, ambazo hatimaye alikopeshwa na mchungaji rafiki yake wa Philadelphia.

Akiwa safarini kwa treni baada ya kusikia mkataba umekubaliwa, alimweleza kondakta kwamba Jenny Lind anakuja. Kondakta akauliza kama huyo ni mcheza dansi. Barnum alisimulia kwamba moyo ulimshuka. Amefunga fedha zote duniani kwa mtu ambaye kondakta wa treni hamjui! Alikuwa na miezi kadhaa ya kulisahihisha hilo. Aliyajaza magazeti habari za sauti ya Lind, lakini zaidi habari za ukarimu wake, jinsi alivyokuwa akitoa fedha kwa maskini na shule za kwao. Alitangaza zawadi ya dola 200 kwa atakayeandika maneno ya wimbo wa salamu, na mamia ya watunzi wakajitokeza. Kila aliyeshindwa alibaki akizungumzia shindano, na hilo ni tangazo la bure. Meli ya Lind ilipotia nanga New York Septemba 1, 1850, maelfu kwa maelfu walikuwa bandarini.

Kisha likaja suala la bei. Mkulima wa korosho wa Mtwara au wa kahawa Kilimanjaro anaujua mnada: ukiwa hujui mnunuzi yuko tayari kulipa kiasi gani, waache washindane. Barnum aliziuza tiketi za onyesho la kwanza kwa mnada katika ukumbi wa Castle Garden, na hata kuingia kwenye mnada wenyewe watu walilipa. Kabla ya siku hiyo alimdokeza John Genin, mfanyabiashara wa kofia aliyekuwa jirani na jumba lake, kwamba atakayenunua tiketi ya kwanza atatajwa na magazeti yote nchini. Dokezo hilo hilo alimpa Benjamin Brandreth, muuza vidonge. Wawili hao wakapandishiana mpaka Genin akaichukua kwa dola 225. Habari zikasambaa, na watu wakawa wanavua kofia zao kutazama kama zina jina la Genin. Mauzo yake yalipanda sana. Kwa hiyo Genin hakununua kiti, alinunua tangazo, na alilipata kwa bei poa. Boston tiketi ya kwanza ilifika dola 625. Providence ilifika 650, na mnunuzi hakuhudhuria hata onyesho lenyewe.

Siku ya kwanza ya mnada wa New York tiketi 1,000 hivi ziliingiza zaidi ya dola 10,000. Mnada huo pia ulikuwa na kazi nyingine ambayo watu huisahau. Tiketi zikiuzwa kwa bei moja ya chini, walanguzi hununua kwa mafungu na kuziuza tena mlangoni, na faida ya ziada huingia mifukoni mwao, si kwa msanii wala mwandaaji. Mnada huirudisha sehemu kubwa ya faida hiyo kwa aliyeweka mtaji. Hata hivyo haukuwamaliza walanguzi, na mtu wa kipato kidogo ndiye aliyebaki nje. Makampuni ya leo yanayopandisha bei ya tiketi kwenye intaneti kadiri wanunuzi wanavyoongezeka yanafanya jambo lile lile kwa kompyuta, na malalamiko hayajabadilika. Ticketmaster, iliyoanza mwaka 1976 na kuungana na mwandaaji mkubwa wa matamasha Live Nation mwaka 2010, ilishtakiwa pamoja na mwenzake huyo na serikali ya Marekani Mei 2024, kwa madai ya kuhodhi soko.

Onyesho la kwanza lilifanyika Septemba 11, 1850 na kuingiza dola 17,864. Kabla yake, alipoona mnada unavyokwenda, Barnum alibadili mkataba bila kuombwa. Lind angeendelea kupata dola 1,000 zake. Barnum angetoa dola 5,500 kwa gharama na kazi yake, na kinachozidi wagawane nusu kwa nusu. Wapo waliomwona mjinga. Mimi naona alijua kuhesabu. Msanii aliyelipwa kiasi kisichobadilika huku akiona ukumbi umefurika ataanza kulalamika, na malalamiko yake yatafika magazetini. Isitoshe, Lind alitoa mapato yake ya onyesho la kwanza kwa mashirika ya hisani ya New York, na sifa hiyo ilijaza kumbi zilizofuata.

Msafara ulikwenda Boston, Philadelphia, Baltimore, Washington, Charleston, ukavuka hadi Havana nchini Cuba, ukarudi New Orleans na kupanda mto Mississippi. Kila mji ulihitaji mtu wa kutangulia: kukodi ukumbi, kubandika matangazo, kupanga mnada, kutafuta hoteli. Kufikia Juni 1851 Lind alichoka na kelele za kibiashara akavunja mkataba. Mkataba wenyewe ulikuwa na kifungu cha kutoka: alilipa dola 25,000 kwa kuvunja na 7,000 kwa maonyesho saba yaliyobaki kufikia 100. Hakuna aliyekwenda mahakamani. Kwa maonyesho 95 mapato yalikuwa dola 712,161. Lind alipata 176,675, na zilizobaki 535,486 zilikuwa za Barnum kabla ya kutoa gharama za kumbi, wanamuziki, usafiri na matangazo. Lind aliendelea kujiandalia maonyesho mwenyewe kwa karibu mwaka mzima, kwa watu wachache zaidi, kisha akarudi Ulaya mwaka 1852.

Barnum hakuacha kabisa mambo ya shamba. Alikuwa rais wa chama cha kilimo cha wilaya yake ya Fairfield na aliandaa maonyesho ya wakulima. Katikati ya miaka ya 1850 alimfunga tembo plau katika shamba lake la ekari sita hivi lililopakana na reli huko Bridgeport. Mchungaji wa tembo alipewa ratiba ya treni. Treni ikikaribia, tembo analima. Treni ikipita, tembo anapumzika. Magazeti yaliandika, na barua zikamiminika kutoka kwa wakulima wakiuliza tembo anagharimu kiasi gani, anakula nini na analima ekari ngapi. Barnum alilazimika kuchapa jibu moja la siri kwa wote. Aliwashauri wasithubutu: bei yake ni dola 3,000 hadi 10,000, kwenye baridi hafanyi kazi, na kwa mwaka anakula chakula cha thamani yake yeye mwenyewe. Jirani mmoja mkulima alimwambia kwamba ng'ombe wake wawili wanavuta kuliko tembo yule. Barnum akamjibu kwamba kazi ya tembo ni kuvuta watu waje kwenye jumba lake. Shamba lile lilipigwa plau mara 60 hivi. Sijui bajeti nyingine ya matangazo iliyotibua udongo kiasi hicho.

Mtu huyo aliyepima hatari ya Jenny Lind kwa senti alianguka kwa jambo la kijijini kabisa: kudhamini deni la mwingine. Alikuwa na viwanja vingi mashariki mwa Bridgeport na alitaka viwanda vije ili vipande bei. Kampuni ya saa ya Jerome ikaahidi kuhamia huko, ikiomba tu atie saini hati za ahadi ya kulipa zisizozidi dola 110,000. Alitia saini hati ambazo tarehe ziliachwa wazi. Zikatumika, zikafanywa upya, zikatumika tena kulipia madeni ya zamani ya kampuni. Mwanzoni mwa 1856 kampuni ilikuwa imekufa, na Barnum alidaiwa karibu nusu milioni. Kwenye Lind aliijua hasara yake ya juu kabisa kabla ya kuanza, maana iliandikwa kwenye mkataba. Kwenye saa hakuwa na mpaka.

Ilimchukua miaka minne kuinuka. Tom Thumb, ambaye sasa alikuwa kijana mwenye mali, alijitolea kusafiri naye tena. Mwaka 1858 na 1859 alitoa mihadhara Uingereza, mara 100 hivi, kuhusu jinsi ya kupata fedha. Mfilisika akifundisha utajiri, na watu wakalipa kiingilio! Mwaka 1860 alilirudisha jumba lake.

Mwaka 1865 alikuwa mbunge wa jimbo la Connecticut, akatetea haki ya watu weusi kupiga kura. Julai 13 mwaka huo jumba liliungua. Kwa hesabu zake hasara ilikuwa dola 400,000 na bima aliyokuwa nayo ni 40,000 tu. Akajenga lingine, nalo likaungua mwaka 1868.

Sarakasi inayobeba jina lake aliianza akiwa na miaka 60, mwaka 1871, pamoja na William Coup na Dan Castello. Coup ndiye aliyeshinikiza mwaka 1872 msafara upande treni badala ya mikokoteni. Kwa mikokoteni unalazimika kulala kila kijiji kilichopo njiani, hata chenye watu wachache. Kwa reli unaruka hadi mji mkubwa, na makampuni ya reli yanaleta wakulima wa mbali kwa treni za nauli nafuu siku ya onyesho. Anayesafirisha matikiti maji kutoka shambani anajua maana ya kuchagua soko badala ya kulazimishwa na barabara. Mwaka 1881 waliungana na mshindani wao James Bailey, na mwaka 1882 wakamnunua Jumbo, tembo wa Afrika, kutoka bustani ya wanyama ya London kwa dola 10,000. Waingereza walipiga kelele kumzuia, na kelele hizo zikawa matangazo. Jumbo aligongwa na treni nchini Kanada Septemba 1885 akafa.

Barnum alifariki Bridgeport Aprili 7, 1891. Wiki mbili kabla, gazeti moja la New York lilimruhusu asome taarifa ya kifo chake ikiwa tayari imechapishwa. Sarakasi ilinunuliwa na ndugu wa Ringling mwaka 1907, ikaendelea hadi Mei 2017 ilipofungwa, mwaka mmoja hivi baada ya kuanza kuuza tiketi bila tembo. Mwaka 2023 ilirudi ikiwa na binadamu peke yao ulingoni.